Picha Niliyoikosa Mpitimbi

Nilihamishiwa Songea kutoka Bukoba nikiwa na masanduku mawili na mtoto mgongoni. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kazi yangu ni kutazama: jicho kwenye hadubini kutwa nzima, natafuta vimelea kwenye damu za watu. Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi unaanza kuudhika na kila kitu kilichotazamwa haraka haraka. Labda ndiyo maana sikuwahi kupenda picha za kuchora. Nilizozijua mimi zilikuwa za twiga na jua linalozama, zote zinafanana kama zimegongwa muhuri mmoja.

Miaka ikapita. Siku moja nilikwenda mtaa wa Lizaboni kwa fundi wa fremu, nikiwa na picha ya binti yangu amemaliza darasa la saba. Ukutani nyuma ya fundi kulikuwa na beseni la bati lenye maharage, nusu yamechambuliwa, nusu bado, na mkono wa mwanamke umetulia ukingoni. Nikamuuliza fundi nani kapiga picha ile.

Akacheka. "Hiyo haijapigwa, mama. Imechorwa. Mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, yule dada aliyesoma Urusi."

Nikaomba kusogea karibu. Harage moja lilikuwa limetobolewa na fukusi, na ndani ya kile kitundu mchoraji alikuwa ameweka kivuli. Kitundu kidogo kama ncha ya sindano, na mtu alikuwa amekaa akakitazama mpaka akaona kivuli chake. Fundi alimaliza fremu yangu, akaifunga kwa gazeti, akaniita mara mbili ndipo nikasikia.

Nilikwenda nyumba ya tatu siku hiyo hiyo. Nilimkuta mwanamke wa rika langu, rangi imeganda kwenye kucha, anaandika kibao cha saluni. Aliniambia kwamba alisoma miaka sita. Mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa hata kugusa rangi. Walichora vichwa vya plasta kwa mkaa, asubuhi hadi jioni. Mwaka wa pili mifupa na misuli. Aliporudi nyumbani akakuta hakuna anayehitaji hayo yote. Akawa anaishi kwa vibao vya maduka na kwa kuchora marehemu kutoka kwenye picha za vitambulisho, na siku za mapumziko anachora alivyofundishwa, chumbani, penye dirisha linaloangalia kusini. Ulaya walimfundisha dirisha liangalie kaskazini ili jua lisiingie. Huku kwetu ilibidi ageuze, na hata hivyo kuanzia Novemba jua linamfuata huko huko, anatundika shuka.

"Ile ya maharage unaiuza?" nikamuuliza.

"Unataka kuiweka wapi?"

"Sebuleni kwangu, Mshangano."

"Sebule yako inaingia jua?"

Sikujua. Basi akaja kuiona. Alizunguka sebule yangu kama afisa afya, akagusa ukuta aone kama una unyevu, akaniambia niondoe kalenda na saa. Ndipo akakubali kuniuzia. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alirudi kutoka shuleni akasimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Maharage," akasema. "Kwani ya jikoni yameisha?"

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya. Sikuwa na mpango wa kuwa mkusanyaji wa chochote. Lakini miezi michache baadaye yule dada aliniambia kuna mfanyabiashara kamwagiza tembo ishirini, wa kuuzia watalii, na anafikiria kukubali halafu aachane kabisa na haya mengine. Nikasikia hasira kana kwamba ananiibia mimi.

"Ukichora tembo ishirini ambao hujawatazama, mkono utazoea," nikamwambia. "Wewe chora unachokiona. Kila picha usiyoionea aibu, niletee mimi kwanza."

Nilisema bila kumuuliza mtu nyumbani. Makochi mapya niliyokuwa nimeahidiwa hayajafika hadi leo, na mume wangu huwakumbusha wageni kwa nini. Kwa miaka minne nilipata picha sita. Jiko la mkaa baada ya kupika. Dada yake mchoraji akisuka nywele. Gunia la mahindi lililofumuka pembeni. Nilijifunza kuzipangusa vumbi kwa brashi laini, na kuziachia nafasi nyuma zisigusane na ukuta wakati wa masika.

Ya saba ndiyo iliyoleta mambo. Mchoraji alikuwa amekwenda kijijini Mpitimbi kwa ndugu za mama yake, akamchora bibi mmoja mlangoni kwake akipukuchua mahindi. Bibi amekaa chini, blauzi imechanika begani, kisigino kina magaga, na uso wake umeinamia kazi. Kila gaga la kisigino lilikuwa limechorwa kwa upole ambao sijui niuelezeje. Nikaitundika mkabala na mlango, ili mtu akiingia aanze na hiyo.

Miezi ikapita. Bibi akaletwa mjini kutibiwa macho, na mchoraji, kwa nia njema kabisa, akamleta nyumbani kwangu aione picha yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Alikaa, nikampa soda. Alipoinua macho aliiona. Aliweka chupa chini, akainuka, akaenda mpaka karibu. Sisi wawili tulikuwa tunatabasamu kama wajinga.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ni wewe, bibi."

"Nani anaingia humu ndani?"

"Majirani. Wageni. Walimu anaofundisha nao mume wangu."

"Na wote wananiona hivi." Akamgeukia mchoraji. "Wewe uliniambia unajifunza. Hukuniambia nitakuja kukaa kwenye nyumba ya watu. Nina gauni la bluu ndani ya sanduku. Ungesema, ningelivaa."

Mimi nikadakia, maana nilipenda ile picha kuliko zote. "Bibi, hii ndiyo nzuri kupita zote zilizomo humu."

"Nzuri kwako," akanijibu, bila ukali wowote. Alirudi akamaliza soda yake. Pale mlangoni akanishika mkono. "Kama unaniheshimu, iteremshe."

Sikuiteremsha siku hiyo. Niseme ukweli. Nilijiambia nimeinunua, ni mali yangu, na kazi nzuri haipaswi kufichwa kwa sababu ya blauzi. Nikavumilia siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nakunywa chai chini yake, nikagundua nimekigeuza kiti changu nisiitazame. Nikaitoa, nikaiegemeza chumbani, uso ukutani.

Wiki hiyo mchoraji akaja kuniambia yule mfanyabiashara wa tembo karudi, na safari hii amemkubalia.

"Miaka sita nilifundishwa kutazama," akasema. "Hakuna aliyenifundisha kuomba ruhusa. Tembo hawana neno."

"Hapana," nikamwambia. "Jumamosi tunakwenda Mpitimbi. Chukua turubai kubwa."

"Tukafanye nini?"

"Tukaombe. Akikataa, tutarudi. Halafu tutakwenda tena."

Tulipata lifti kwenye pikapu iliyobeba mbolea, turubai tumelikumbatia kwa zamu. Bibi alitukuta tumesimama uani kwake kama watu waliokuja kuposa.

"Mmerudi kunichora nilivyochakaa?"

"Tumekuja kukuuliza unataka kuchorwaje," nikasema. "Au kama hutaki kabisa."

Alituacha tumesimama, akaingia ndani, akatoka na kiti. "Gauni la bluu. Nikae juu ya kiti, si chini. Na viatu nivae." Akamwangalia mchoraji. "Unaweza?"

"Naweza," mchoraji akasema, ingawa baadaye aliniambia alikuwa anaogopa. Mtu akivaa kwa ajili ya kuchorwa hukakamaa, anakuwa kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Tulikwenda Jumamosi tano. Siku ya kwanza bibi alikakamaa kweli. Mimi nilikaa pembeni nikipukuchua mahindi yake, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kazi yake haitalala kwa ajili yetu. Jumamosi ya pili vidole vyangu vilikuwa na malengelenge, na bibi aliponiona navipuliza alicheka mpaka mabega yakalegea. "Usisogee!" mchoraji akapiga kelele, na tangu hapo mambo yakaenda. Bibi akawa anaongea, anakaripia kuku, anauliza habari za Bukoba, na bado amekaa vile vile, mkono juu ya goti.

Ilipokamilika, mchoraji aliiegemeza kwenye ukuta wa nyumba, akarudi nyuma. Gauni lilikuwa na mistari ya mikunjo, miraba minne kifuani, kwa jinsi lilivyolala sandukuni miaka yote ile, naye aliichora yote. Na uso ulikuwa unakutazama. Ile ya kwanza ilikuwa ya mtu anayetazamwa asijue. Huyu alikuwa amekukubalia umtazame, na angeweza kughairi saa yoyote.

Niliitaka. Sijawahi kukitaka kitu cha kutundika ukutani namna ile. Nilikuwa nimeshaichagulia mahali tangu Jumamosi ya tatu.

"Bibi, naomba niinunue hii."

"Hapana."

"Nitawalipa wewe na mchoraji, kila mtu chake."

"Hapana, mwanangu. Hii inakaa hapa."

Nikamweleza habari za moshi, za mchwa, za mvua. Akanisikiliza vizuri kama ninavyowasikiliza wagonjwa wanaobishana na majibu ya vipimo. Mwisho nikamwambia mchoraji nimlipe yeye kazi yake, picha ibaki kwa bibi, na hilo likakubalika. Tulipokuwa tunaondoka, bibi akanisindikiza hadi barabarani.

"Ile nyingine, irudishe ukutani," akasema. "Wakiniulizia, waambie gauni ninalo."

Nimeirudisha, na wakiuliza nawaambia. Wasipouliza nawaambia vile vile, na mume wangu husimulia sehemu ya malengelenge vizuri kuliko mimi. Tembo hawakuchorwa. Mchoraji sasa ana wanafunzi wawili wa kike wanaochora mafuvu ya ng'ombe kwa mkaa, na bado hawajaruhusiwa kugusa rangi. Mimi nimefikisha picha kumi na moja, moja imechorwa na mzee wa Tunduru, mkulima wa korosho aliyesomea uchoraji ng'ambo zamani, ambaye nilimfuata mara nne kabla hajanifungulia chumba anachofungia picha zake.

Mara mbili kwa mwaka nakwenda Mpitimbi na brashi yangu laini kupangusa masizi kwenye lile gauni. Bibi huniwekea kigoda niifikie vizuri, halafu anakaa karibu. Kila nikimaliza namuuliza kama ameghairi. Safari iliyopita alinipa kikapu cha maharage mabichi, akasema hapana, na nikamwambia nitarudi baada ya mavuno.