Moto wa Kuitia Mvua

Nyasi kavu zikiungua zina harufu tamu. Naona haya kulisema, lakini ninyi si wageni, sitawaficha. Kila kiangazi, watu wakianza kuchoma mashamba huku kwetu Kakamega, harufu hiyo hunifikia hadi jikoni, nami huacha ninachopika nikafunge madirisha, joto liwe joto. Wanangu hunicheka. Wanadhani naogopa kukohoa.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu. Kwetu ni upande wa msituni, mashariki ya mji, chini ya kilima chenye mawe na nyasi ndefu. Tulizoea mvua ianze Machi. Mwaka ule Machi iliingia kavu, ikatoka kavu. Baba alikuwa amepanda mahindi kwenye vumbi, kama majirani wote, ili mvua ya kwanza izikute mbegu zikiingoja. Kila asubuhi aliinama shambani, akafukua mbegu moja kwa kidole, akaitazama, akaifukia tena. Kuchakuro nao walizifukua, ila wao hawakuzifukia. Chemichemi ilidondoka kama pua ya mwenye mafua, na matusi niliyoyasikia kwenye foleni ya maji sijayasikia kwingine hadi leo. Mbegu zile zikioza au zikiliwa zote, hatukuwa na nyingine.

Nje kidogo ya ua wetu aliishi Senge Rasoa. Senge ndiyo shangazi kwa lugha yetu, dada yake baba; nami aliniita Senge vilevile, maana jina hilo tunarudishiana. Mumewe alikuwa amemfukuza kwa kukosa kuzaa. Na kwetu binti aliyerudi hajengewi ndani ya boma la baba yake, kwa hiyo walimjengea kijumba cha nyasi pale kilima kinapoanzia. Hakulalamika. "Huku nina hewa," alisemanga, "ninyi laleni na moshi na wakwe zenu." Mali yake ilikuwa mtamba mmoja mwekundu, mwenye mimba. Alimkatia majani, akamchotea maji kabla ya kujichotea mwenyewe. Aliniambia, "Huyu akizaa, Senge, sitaombanga mtu maziwa."

Jumapili moja baada ya ibada wanaume walikaa nje ya kanisa wakakubaliana kilima kichomwe. Haukuwa utundu. Wakubwa walitufundisha kwamba moshi wa kilima ndio unaopanda ukawa mawingu, na kila aliyekuwepo aliweza kutaja mwaka ambao kilima kiliungua na mvua ikaja. Hata mchungaji hakupinga, maana naye alikuwa na shamba. Kwa kuwa boma letu ndilo lililokuwa karibu zaidi, baba akapewa kazi ya kuwasha.

Msimwone mzembe. Alifyeka nyasi kuzunguka nyumba ya dada yake hadi udongo ukabaki mtupu, akamwambia ashinde kwetu, yeye na ng'ombe wake. Senge akaja peke yake.

"Mtamba amelala, ameanza uchungu," alisema. "Hawezi kutembea. Lakini umefyeka vizuri, ndugu yangu. Mwache tu."

Asubuhi moto ulipanda kilima vizuri, ukienda mbali nasi, nasi watoto tukashangilia. Mchana upepo ukageuka. Moto ulianza kuteremka, ukapiga kelele kama mahindi yanayokaangwa, na vipande vya nyasi vyenye moto vikaruka juu ya ule udongo mtupu kana kwamba baba hakuwa amefyeka kitu. Senge alikuwa kivulini akichambua mrenda nami. Alisimama, majani yakamwagika. Alisema, "Mtamba wangu," wala hakulisema kwa sauti kubwa, akaondoka mbio. Mama alimwita. Baba, aliyekuwa ng'ambo na wanaume wenzake, alimwona akiingia kwenye moshi, akataka kumfuata, wakamwangusha chini na kumlalia. Alimwita dada yake hadi sauti ikakatika.

Sisi watoto hatukuruhusiwa kuangalia. Nilimsikia tu mama akimwambia jirani kwamba ndama alikuwa ameshaanza kutoka. Nililia sana, na sikujua ninamlilia nani kwanza.

Walimzika nje ya ua, pale pale, kwa sababu binti aliyerudi hazikwi ndani. Udongo wa mwisho ulipokuwa ukirudishwa, tone likanipiga shingoni, kisha jingine, kisha mvua ikaja yote. Vilio vikanyamaza. Mama mmoja alipiga kigelegele, akajiziba mdomo kwa mkono. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mnaona? Moshi umefika." Baba alisimama na jembe lake, akanyeshewa, hakuna aliyethubutu kumgusa. Mahindi ya mwaka ule yalistawi mno.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa kidogo tu, na aliyesimama wa kwanza kanisani kusema kilima kichomwe alikuwa baba. Mama alitoka nje. Mimi nilimchukia baba, nawaambieni ukweli, nikamchukia miaka mingi. Nilidhani ana jiwe kifuani.

Nilipofika sekondari nikasoma mambo ya hali ya hewa, nikarudi nyumbani na ukali wa wanafunzi. Nilimweleza kwamba moshi hauiti mvua. Kwamba watu huchoma mwishoni mwa kiangazi, mvua ikiwa tayari njiani, basi wakadhani wameileta wao. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Ilinyesha, mama. Wewe mwenyewe uliloa."

Nilifungua kinywa nimjibu, nikamwona amegeuka kutazama nje ya ua, pale alipozikwa dada yake. Ndipo nilipoelewa nilikuwa nikimwomba akubali nini. Kama moshi hauleti mvua, basi dada yake aliungua bure, na aliyewasha moto ni yeye. Nikamwambia, "Kweli, baba. Ilinyesha."