Dakika za Audace

Mukamana alipiga deki katika duka la kompyuta la Léonce, mtaani Gikondo. Kusoma hakujua, ila jicho lake halikukosea. Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na mbili walimketisha kati ya kompyuta mbili zilizoshindanishwa sataranji.

"Hizi hazijui kusemezana, Mama," alimweleza Audace, kijana wa kompyuta kutoka Bujumbura. "Hii ikisogeza kete, nawe isogeze vilevile kwenye ile. Wewe ndiwe tarishi."

"Na moja ikichelewa?"

"Iache ifikiri, zote zina muda sawa. Ukibonyeza kitufe hiki inacheza papo hapo, kama mtu aliyekatizwa maneno."

Programu moja ilitoka Ulaya, na alama za uwezo wake zilijulikana. Nyingine ilikuwa mpya, haijapimwa. Mchezo mmoja haukutosha, maana hata mjinga hubahatisha. Basi zilicheza wiki baada ya wiki, zikipokezana rangi. Inayomshinda mkubwa hupanda. Inayozidi kushindwa huporomoka.

Ile mpya ilikuwa kwenye meza ya Léonce, na Mukamana akajua ni ya Léonce. Angejuaje vingine? Na Léonce alikuwa amemwita mwizi wa sukari mbele ya wateja. Mfuko ulipoonekana nyuma ya kabati, hakusema hata pole. Audace peke yake ndiye aliyemtetea siku ile.

Basi kila mara kompyuta ya meza ile ilipozama katika mawazo, Mukamana alimtazama bosi akicheka na wateja, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Onja na wewe.

Siku ya hesabu Léonce alipiga makofi. "Audace, ndugu yangu, programu yako ni ng'ombe wa mapambo, hana maziwa! Imeburuzwa."

Kitambaa kilimdondoka Mukamana. "Yake?"

"Ya nani tena? Mimi nilimwazima meza tu. Ingeikaribia ile ya Ulaya ningempa kazi. Sasa na arudi zake Bujumbura."

Audace alikuwa akikunja waya zake taratibu. "Si kitu, Mama. Labda haina akili, kama baba yake."

Utani ule ulimchoma kuliko tusi. Aliyemvua aibu, leo Mukamana ndiye amemvika. Angenyamaza, nani angejua? Lakini miguu ilimpeleka mpaka mezani, akaweka kidole juu ya kitufe.

"Sukari sikuiba, bosi. Dakika za huyu kijana ndizo nilizoziiba. Kila ikifikiri, niliikatiza. Nilidhani ni yako."

Audace aliacha waya, akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Léonce yeye alitabasamu, tabasamu pana la mtu aliyelipwa.

"Mnaona? Nilisema mimi! Mwizi ni mwizi."

Mukamana alizigeukia kompyuta. Aliirudisha kila kete mahali pake pa kuanzia, kwenye kompyuta zote mbili, akachukua kanga yake.

"Zipimwe upya," alimwambia Audace, "na mtu mwingine."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, na jina lile la mwizi likitoka naye, safari hii bila wa kumtetea.