Paipu ya Mama Mkwe

Bwanangu Kakuta ni fundi wa pikipiki hapa Noonkopir. Wateja anawatania wote, hata pasta. Mamangu tu ndiye anamnyamazisha, kwa sababu kwetu Wamaasai mtu na mama mkwe wake hawasogeleani wala kuangaliana usoni.

Juzi mama alifika akisukuma pikipiki yake, mitungi ya maziwa imejaa na jua linachoma. Kabureta ilikuwa inavuja petroli pale inaposhika paipu. Akaweka paipu mpya aliyonunua kwa kiti cha pikipiki, akaenda kusimama kando akitazama barabara.

Kakuta akatoa paipu ya zamani na kishikio chake kilichovunjika, akafunga vipya. Lakini paipu mpya ilikuwa ndefu sana, na kukata kitu cha mama mkwe bila ruhusa hakuthubutu. Akaizungusha yote chini ya tangi kama matumbo ya mbuzi. Pikipiki ikawaka, ikakohoa, ikazima.

Akamgeukia Naisenya, mtoto wetu mchanga, aliyekuwa mgongoni mwangu. "Ambia kokoo, nyanyako, paipu ni ndefu, petroli haipandi mlima."

Mama naye akamwambia mtoto, "Ambia babako maziwa yanachachuka. Akate! Ama anangoja niibariki kwanza?"

Naisenya akacheua kwa bega langu.

Kakuta akakata paipu, akaishusha moja kwa moja, mbali na ekzosi. Pikipiki ikanguruma. Mama akapanda na maziwa yake akaenda.

Alipokuwa mbali kabisa, Kakuta akasema, "Mamako anaendesha kama mwizi wa ng'ombe."

"Nimwite arudi umwambie?"

Akaanza kutafuta spana.