Sauti Yangu Ilirudi kwa Wimbo wa Makosa

Mnaosoma haya, mjue kabla ya ugonjwa mimi sikuwa mtu mdogo. Niliacha shule darasa la nne huko Olenguruone, nikaanza na punda mmoja wa kubeba viazi, na leo nina lori mbili na stoo mtaa wa Rhonda, Nakuru. Nilipotangaza bei, soko lote lilisikia. Hospitali walinipa dawa za presha, nikazitupa kwa droo, nikajiona nimepona. Hiyo ilikuwa kiburi.

Asubuhi moja tukipakia viazi, mkono wa kulia ulilala. Mdomo ukaenda upande, mate yakanitoka. Mteja akasema, "Huyu mzee ameamkia chupa." Nilitaka kumtukana. Nikatoa sauti kama ndama.

Daktari alimwambia mke wangu, Nyambura, "Ni stroke, mama, yaani kiharusi. Kuelewa anaelewa. Maneno ndio yamefungwa." Nilikuwa hapo kitandani nasikia.

Shida kubwa ilikuwa choo. Kichwani neno liko, mdomoni halifiki. Nilijikojolea, mimi mwenye lori mbili, na Nyambura akanibadilisha nguo bila kuniangalia usoni.

Miezi minne hivyo. Kisha tukapelekwa kwa kikundi cha wagonjwa wa stroke hapo Nakuru. Tunakaa duara, na binti mmoja anayetibu kwa nyimbo anapiga gitaa. Siku hiyo akasema, "Leo kila mtu alete wimbo aliokuwa akiimba makosa."

Nyambura akanijibia. "Huyu wangu kanisani aliimba 'ng'ombe yangu haitikisiki.' Ilikuwa ngome. Miaka thelathini, na nani angemwambia?"

"Mzee, hukujua ngome?" binti akaniuliza.

"Angeijulia wapi? Kwao kulikuwa na ng'ombe," Nyambura akadakia.

Wakacheka, kisha wakaimba hivyo hivyo, na ng'ombe. Nami nikaimba. Maneno mawili, mazima. Nililia mbele ya watu.

Nyumbani nikaimba tena. Msichana wetu, ambaye ni mwalimu, akasema kwa upendo, "Baba, sema ngo-me." Nikajaribu ile ya ukweli, ikakwama. Nikarudia ile ya makosa, nayo ikakwama. Siku tisa sikutoa sauti. Nyambura alinipa mgongo akilia, na sikuwa na hata neno la kumwambia nyamaza.

Tuliporudi kikundini, binti hakumlaumu mtu. Wakaimba ng'ombe, wakarudia, wakarudia, mpaka sauti yangu ikafunguka. Ndipo akaweka maneno mengine kwa mwendo ule ule wa wimbo: "Nyambura, nipeleke choo."

Mpaka leo naomba choo kwa kuimba. Nikijaribu kusema tu, haitoki. Mkono bado umelala, haya nimeandika na wa kushoto, nilivyojifunza baadaye polepole. Biashara anaendesha Nyambura.

Namshukuru Mungu, na mke wangu, na yule binti. Nyinyi kunyweni dawa hata mkijisikia wazima. Na mgonjwa wenu akiimba makosa, mwacheni amalize.