Kifuniko cha Tangi la Kushoto

Siku za kazi alikuwa daktari wa meno, na wagonjwa walimwita Dokta Pole, maana neno hilo lilimtoka hata kabla hujafumbua kinywa. Jumamosi alirusha ndege ya klabu, ndogo ya viti vinne, yenye tangi la mafuta katika kila bawa.

Mama mkwe wake hakuuficha mtazamo wake. "Mke wa mwanangu ana watoto watatu na bado anatafuta pa kuangukia," aliwaambia majirani. Lakini dada yake alipofanyiwa upasuaji mji wa mbali, alikubali kupelekwa kwa ndege. Sharti lake lilikuwa moja: hakai mbele.

Asubuhi hiyo Dokta Pole aliizunguka ndege yote, akikagua kila kitu kwa mkono. Kisha akajaza mafuta. Tangi la kulia lilikuwa na robo, akaliacha hivyohivyo, maana la kushoto likijaa lingetosha safari. La kushoto akalijaza pomoni. Kifuniko kikiwa bado mkononi, simu ikaita. Alikuwa muuguzi wake: mgonjwa wa jana amevimba shavu. Akakiweka kifuniko juu ya bawa, akaelekeza dawa, akakata simu, akaenda moja kwa moja kumfunga mama mkwe mkanda. Kuizunguka ndege tena hakukumjia akilini. Si alishaizunguka?

Waliruka vizuri. Dakika ya ishirini na tano, juu ya milima isiyo na hata uwanja wa mpira, sauti ya mama mkwe ikamjia masikioni.

"Mwanangu, hicho kinachofuka kwenye bawa ni nini?"

Akageuka. Juu ya bawa la kushoto utepe mweupe ulikuwa ukivutwa nyuma kama moshi, na mahali pa kifuniko palikuwa na tundu tupu. Upepo ulikuwa unanyonya mafuta. Akatazama geji: tangi alilolijaza mwenyewe limebaki robo, na mshale unashuka.

Jibu la kwanza lililomfika mdomoni lilikuwa "mvuke tu, Mama." Kazini alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. Akalimeza.

"Ni mafuta, Mama. Nimesahau kufunga tangi. Kosa ni langu."

"Tunaanguka?"

"Hapana. Tunarudi."

Akageuza swichi ya mafuta kwenda tangi la kulia. Injini ikakohoa mara moja, kisha ikatulia. Akaigeuza ndege, akaita uwanjani kwa redio.

"Una mafuta ya dakika ngapi?" mwongoza ndege akauliza.

"Arobaini. Kama geji haidanganyi."

Geji za ndege ile zilidanganya. Klabu nzima ilijua.

Kadiri bawa la kushoto lilivyopungua uzito, ndege ililalia kulia, na ikambidi aushikilie usukani kwa nguvu.

"Nipe kazi," mama mkwe akasema. "Nikikaa hivi nitapiga kelele."

"Niangalizie huo moshi."

"Upo. Bado upo." Baada ya muda: "Unapungua." Na mwishowe, polepole: "Umekwisha, mwanangu."

Sasa walikuwa wamebakiwa na tangi moja. Akaishusha ndege hadi magurudumu yakagusa lami, gari la zimamoto likiwafuata ubavuni. Akazima kila kitu, akamshusha mama mkwe, wakasimama mbali na harufu ile. Dokta Pole akaketi chini kwenye nyasi.

Fundi wa ndege akachovya kijiti ndani ya tangi la kulia. Kikatoka kimelowa upana wa vidole viwili.

Mkutano wa klabu uliofuata, alisimama akasimulia yote bila kuficha hata ile simu. "Ukikatizwa kazi," akasema, "anza upya, tangu mwanzo." Rubani mmoja mwenye mvi akacheka, akakiri kwamba kifuniko chake kiliokotwa shambani kwa mtu, naye jambo hilo alilinyamazia miaka tisa.

Mama mkwe alikwenda kwa dada yake kwa basi. Mwanawe alipoanza kumlaumu mkewe, mama alimkatiza. "Amekosea, ndiyo. Nilikuwemo, wewe hukuwemo. Aliniambia ukweli tungali hewani, halafu akanirudisha. Mwache."