Mkeka Usio na Ndege

Ninayo kichwani mpaka leo, mwanangu, siku niliyoanika mahindi uani kwetu Makwale na ndege hata mmoja asije.

Nilikuwa bado kijana, binti yangu Tumpe hajafikisha miaka mitatu, mume wangu kibarua bandarini Itungi. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kyela mjini yakajaa vitu tusivyovijua. Nikanunua mbegu za mahindi zilizopakwa dawa nyekundu. Mwenye duka, mzee wa Pwani, alinionya huku akicheka, "Binti, hizi za shamba, si za sufuria. Usije ukaniletea kesi!"

Nikamjibu, "Mahindi ni mahindi, mzee."

Baada ya kupanda, mto ukafurika, shamba likaenda, na mpunga ukaoza. Ndani tukabaki na ndizi chache na nusu mfuko wa zile mbegu. Nikaziosha maji matatu mpaka wekundu ukatoka, nikazianika. Nikajiona mjanja kweli.

Unajua mkeka wa nafaka ulivyo: shomoro, kuku, sisimizi, kelele asubuhi nzima. Siku ile kimya. Shomoro walikaa juu ya paa wakiutazama tu. Kuku wetu watatu walidonoa kidogo, wakaondoka. Nikafurahi, eti leo sina kazi ya kufukuza. Nikatwanga, nikapika uji.

Nilikuwa namlisha Tumpe jikoni niliposikia sauti ya baba mkwe nyuma ya migomba. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, mke hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Yeye akikohoa kule, wewe unajificha. Siku ile hakukohoa. Alisema na mgomba, maana na mimi haikuruhusiwa.

"Wewe mgomba, mwulize aliye jikoni. Kuku wamelala mferejini, macho wazi, povu mdomoni. Wamekula nini?"

Nikajibanza ukutani.

"Mgomba, mtoto amekula?"

Nikanyamaza, nikamvuta Tumpe nyuma ya mlango. Niliogopa mwiko kuliko nilivyokiogopa kikombe nilichokishika. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, wala silipambi.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu amejifunika shuka kichwa kizima, uso hauonekani, mkono mmoja ukipapasa ukuta taratibu. Vidole vikapita juu ya mafiga, vikapita karibu na uso wangu, vikakipata kikombe, vikakimwaga majivuni. Tumpe akaanza kutokwa na udenda. Alikuwa ananitazama, lakini hanijui.

Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka, nikamwita baba kwa Kinyakyusa. "Amekula, tata. Vijiko vitatu."

Baba mkwe akaitupa shuka aliyojifunika ili tusionane, akambeba mtoto, akakimbia naye zahanati, mimi nyuma yake, kichwa wazi. Tumpe alipona, ila mkono wake wa kushoto ulitetemeka mwaka mzima. Kila akishika kijiko nilikuwa nakisikia kikigonga bakuli.

Mimi na baba mkwe tukarudia kujificha kama kawaida. Lakini wiki ile nilikuta mlangoni fungu la mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi wa jiko la baba mkwe. Nikayapanda, na mpaka leo napanda uzao wake.

Sasa nasikia mnabishana juu ya mbegu zinazobadilishwa maabara. Mimi niliishia darasa la pili, siwezi kukwambia ni mbaya au njema. Ninachokijua ni kwamba mbegu iliyotiwa dawa haioshwi ikawa chakula, hata kwa njaa. Usipojua kitu kimetiwa nini, uliza. Na ukiulizwa, jibu, aibu utaiona baadaye. Lima hata kipande cha nyuma ya nyumba, uwe na kitu kimoja chunguni unachokijua tangu mbegu. Na siku ndege wakiukataa mkeka wako, usifurahi.

Mungu akupe udongo mwema, mwanangu. Watoto wako wale, washibe, walale, na asubuhi waamke wote.