Saburi na Trekta la Awasse

Bapa la chuma la nyuma ya trekta liliposhuka lenyewe kwa mara ya tatu, askari waliokuwa wakitazama waliacha kucheka. Alferes, ofisa kijana aliyekuwa mkubwa wa kambi, alitupa kipisi cha sigara akamwendea fundi.

"Unatuchezea wewe."

"Sichezi, senhor alferes. Trekta limechoka."

"Limechoka, au limechoshwa?"

Fundi huyo aliitwa Saburi Mshamu. Alizaliwa Msimbwa, kaskazini mwa Msumbiji, ufundi akaupata Lindi, alikokwenda ujanani kufanya kibarua cha mkonge. Aliporudi aliajiriwa na Mreno mmoja mwenye shamba karibu na Awasse. Vita vya uhuru vilipopamba moto Mreno yule aliondoka na mkoba mmoja tu. Jeshi likachukua trekta lake, likamchukua na Saburi. Mwaka 1971 ulimkuta akiishi ndani ya seng'enge pamoja na mkewe Mwanawetu, binti yao Mastura, na mamia ya watu waliohamishwa kwa nguvu vijijini mwao, ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Asubuhi lango lilifunguliwa wanawake waende kulima, alasiri likafungwa. Saburi hakuruhusiwa kutoka hata hatua moja.

"Leo Jumanne," alferes alisema. "Ijumaa bapa libaki juu. Likishuka, utajieleza kwa polisi wa siri."

Saburi alianza na oili. Aliifungulia kidogo kwenye kopo, akaiona nyeupe kama tui la nazi: maji ya masika yalikuwa yameingia. Aliimwaga yote, akaosha chujio lililojaa tope, akatia oili mpya. Mikono ya kunyanyulia ikapanda upesi, bila kutetemeka. Lakini kila alipokanyaga klachi na pampu ikasimama, bapa lilianza tena kushuka, taratibu, kama mtu anayesinzia. Basi pampu haikuwa na kosa. Oili ilikuwa ikitoroka mahali fulani.

Alifungua kifuniko kidogo cha ubavuni, akaazima kioo cha kunyolea, akakitega kipeleke mwanga wa jua ndani. Alilala chali juu ya gunia, akangoja. Tone moja likaanguka kutoka juu, penye silinda ya kunyanyulia. Kisha la pili. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika.

Kwa fundi, kuupata ugonjwa ni furaha. Saburi alitabasamu peke yake pale chini, na tabasamu lilikuwa bado usoni alipofika nyumbani. Mwanawetu hakutabasamu.

"Baba Mastura, unajua bapa lile ni la kazi gani?"

"La barabara."

"La barabara, na la nje ya seng'enge pia. Wanataka kukwangua pande zote, pasibaki hata kichaka cha kujificha mtu. Muhogo wetu wote uko hapo." Aliteremsha sauti. "Na Pazi ameleta neno. Anasema shemeji asilitengeneze."

Pazi alikuwa mdogo wake Mwanawetu, mwaka wa nne sasa msituni na bunduki.

"Pazi anajua nisipolitengeneza nitapelekwa wapi?"

"Anajua."

Saburi hakula. Alikaa mlangoni akiangalia lango, mlinzi wake, na ile njia nyembamba iliyoingia kwenye muhogo. Kulitengeneza kulikuwa kubaya, kuliacha kulikuwa kubaya, na pa kukimbilia hapakuwapo, kwa kuwa angeondoka peke yake, mkewe na binti yake wangelipa.

Alhamisi alimwendea alferes, akamwonyesha matone kwenye kioo. Akasema ringi lazima ziagizwe Nampula. Hakusema kwamba nyuma ya ghala palikuwa na injini ya jipu lililoungua, na kwamba ringi zake, zikikatwa na kupigwa tupa, zingefaa. Alferes aliguna, akaandika barua.

Wanawake hawakuhitaji kuelezwa kwamba wamepewa muda. Tangu siku hiyo walitoka na matenga mawili mawili, wakang'oa hata muhogo mchanga, wakaumenya na kuuanika juu ya mapaa. Zilipita siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili ilifika gari la Mueda, na ndani yake badala ya ringi akashuka kabo mmoja, yaani koplo, fundi wa jeshi, mwana wa wakulima wa Ureno. Alilala kwenye gunia, akatazama matone. Kisha akazunguka ghala, na aliporudi alikuwa na pistoni ya jipu mkononi.

"Kwetu, baba yangu angetumia hizi," alisema kwa upole. Akamtazama Saburi kwa muda. "Na wewe ulikuwa hujaziona."

"Sikuziona, senhor."

"Basi." Kabo hakumwambia alferes lolote. Alimpa Saburi tupa, nao wakafanya kazi bega kwa bega mpaka adhuhuri. Bapa likapanda, likakaa juu mchana kutwa.

Saburi alidhani mzigo wake umeisha. Alferes akacheka. Dereva wa trekta alikuwa amekataa kutoka kwa kuogopa mabomu ya ardhini. "Wewe unalijua vizuri zaidi," alisema. "Panda."

Wiki tatu alikwangua nje ya seng'enge. Alipofika shamba la Mwanawetu alimwona mkewe amesimama langoni, mikono kifuani. Hakusimamisha. Mashina ya muhogo yaliyobaki yalilala chini ya bapa moja baada ya jingine. Jioni hiyo Mwanawetu alimwekea chakula, akaenda kula kwa jirani.

Baadaye walimtuma barabara ya Diaca. Siku ya pili gurudumu la nyuma lilikanyaga bomu. Saburi alirushwa vichakani, akavunjika mguu, na sikio la kushoto halikusikia tena. Trekta lilipasuka katikati. Alferes alipomuuliza kama latengenezeka, alisema hapana, na safari hii hakuna aliyembishia.

Vita vilikoma Septemba 1974. Pazi akaja nyumbani, amekonda, ameota ndevu. Walisalimiana, wakakaa mkekani. Saburi akauliza jambo ambalo miaka mitatu lilikuwa halimpi usingizi.

"Bomu la Diaca. Mlijua dereva ni mimi?"

Pazi alitazama chini. "Tulijua, shemeji."

Mwanawetu, aliyekuwa akipakua ugali, alisimama na mwiko mkononi. Saburi alimsogezea Pazi bakuli la maji. Kisha akasema, "Nawa, tule."

Yeye na mkewe walihamia Diaca. Saburi akawa fundi wa mashine za kusaga, mwenye kuchechemea na kusema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Habari ile hawakuirudia. Ila Pazi kila alipomtembelea alikaa upande wake wa kulia, wa sikio lililosalia, pasipo kuambiwa.